Muulize Mgumu: Mama wa Kibosho na kilomita 115 za mwisho

Karibuni tena barazani kwangu mimi Mgumu, mpagazi wa zamani wa Kilimanjaro. Barua za mlima zimekuja nyingi kama kawaida, nguo za baridi, tipu, nani anabeba nini, zote nimeziweka pembeni manake kuna moja ya mama wa Kibosho nimeisoma mara tatu na chai imepoa mezani. Naiweka kama alivyoiandika, nimepunguza salamu tu.

*"Mgumu mdogo wangu hujambo. Mimi ni mwalimu mstaafu, miaka 61, nakaa Kibosho. Binti yangu yuko Ujerumani ni nesi, amenialika twende tukatembee kwa miguu ile hija ya Mtakatifu Yakobo kule Hispania. Tunaanzia mji wa León tunaishia Santiago. Kazini kwake amepata siku 14 za kutembea. Amepanga siku 11 mpaka mji unaitwa Sarria, halafu zile kilomita 115 zinazobaki tuzimalize kwa siku 3, na jioni ya siku ya mwisho tuko uwanja wa ndege. Anasema mama hapo miguu itakuwa imeshazoea, na huko mwishoni watu wanajaa kama soko la Mbuyuni hakuna cha kuona. Sijui nimjibu nini maana tiketi analipa yeye, ila moyo haukubali. Hivi mwisho wa hija ni wa kukimbiza? La pili, baba yao amelala kihambani, kwenye shamba letu la ukoo, tangu mwaka juzi. Nataka nibebe jiwe dogo la pale kaburini na jani la isale, ule mmea wetu Wachagga unaopandwa makaburini. Naviacha wapi? Usiandike jina langu, wenzangu wa kwaya watanitania mpaka Krismasi."*

Shikamoo mama, na pole sana ya mzee.

Nianze na basi. Mama we umeshapanda basi la Desemba kutoka Dar, wakati tunarudi nyumbani Krismasi kuhesabiwa. Basi likishafika Himo tu kuna watu wanasimama. Stendi ya Moshi bado kilomita 20 na ushee, wao wameshashusha mabegi, ndoo ya zawadi za bibi wameikumbatia, wamejipanga pale katikati ya viti jasho linawatoka, konda anawaambia jamani kaeni hawasikii. Na wanafika dakika ileile tunayofika sisi tuliokaa! Ila mlima hawakuuona. Sisi wa dirisha la kulia umetufungukia wote, Kibo na Mawenzi, theluji yake imepungua lakini ipo, na kuna mtu kiti cha nyuma akaanza kulia polepole kwasababu mwaka jana alikuja na mama yake na mwaka huu yuko peke yake.

Binti yako mama, kwa mapenzi mema kabisa, amesimama Himo.

Na simsemi vibaya manake hata mimi nilisimama, tena mimi ambaye kazi yangu ilikuwa kuwaambia watu pole pole. Mwaka 2018 kuna mgeni wa Hispania niliwahi kumshusha mlimani goti limekufa, akaniambia siku moja na wewe uje utembee kwetu, nikajua ni maneno ya wageni, kumbe alikuwa anamaanisha. Nikatembea ile njia kuu wanayoiita ya Wafaransa, inaanzia Saint-Jean-Pied-de-Port upande wa Ufaransa, unavuka milima ya Pyrenees unaenda magharibi mpaka Santiago de Compostela, kama kilomita 780. Siku 33. Mwili wangu wa kubeba kilo 20 kichwani ulikuwa unaicheka ile njia kwakweli, begi langu halifiki hata kilo 8, nikawa naona hawa wazungu wanalalamika nini.

Sasa nikafika Arzúa, zimebaki kilomita 39. Watu wa kawaida wanazigawa siku mbili. Mimi nikasema mgumu wa Mweka atashindwaje, nikaamka saa kumi alfajiri nikazipiga zote siku moja. Nikaingia pale uwanjani mbele ya kanisa kuu kwenye saa kumi na mbili jioni ulimi nje, nikapiga picha, nikaangalia ile minara, nikasubiri. Hakikuja kitu. Yani nilikuwa na njaa na viatu vimelowa, basi. Nikaenda kulala.

Kesho yake nimetoka kutafuta chai, napita pale uwanjani, nawakuta wenzangu wanaingia. Wale niliotembea nao wiki nne, nilikula nao, walinipaka dawa ya malengelenge, kuna mzee mmoja Mkorea alikuwa ananiamsha kila asubuhi kwa kunivuta kidole gumba cha mguu. Wamelala Monte do Gozo, kilima cha kilomita 5 kabla ya mji, wameamka pamoja, wanaingia wameshikana mikono wanalia na kucheka. Wakaniita kweli, wakanikumbatia. Lakini mama unajua mtu aliyefika msibani watu wameshatoka makaburini? Anapewa kiti, anapewa chakula, pole anapokea, ila hakutupa udongo. Ndo nilivyokuwa.

Kwahiyo jibu langu la kwanza halina kona. Kama siku hazitoshi kata mwanzo, mwisho uache. Mwambie binti msianzie León, anzieni Astorga. Kutoka León mpaka Astorga ni kama kilomita 50 na sehemu kubwa mnatembea tambarare pembeni ya barabara kuu malori yanawapita masikioni, panda basi au treni na usione haya, hakuna malaika anayesimama pale na daftari. Hizo 50 kwa mwendo mliojipangia ni karibu siku 3. Zichukue zote uzihamishie mwisho, kwahiyo Astorga mpaka Sarria siku 8, halafu Sarria mpaka Santiago siku 6 badala ya 3. Siku 14 zilezile. Na Astorga haikupotezei mlima wala lile la jiwe, nitalifikia.

Zile tatu za binti maana yake ni kilomita 38 kwa siku. Anaweza, kijana yule. Na wewe unaweza nadhani, mama wa Kibosho aliyezoea kupanda na kushuka na ndoo. Ila ukitembea 38 unachokiona ni visigino vya aliye mbele yako.

Sasa nikuoneshe kilichopo ndani ya hizo 115. Siku ya kwanza Sarria mpaka Portomarín, kilomita 22. Mnavuka daraja refu juu ya maji, chini yake kuna mji wa zamani umezama, walijenga bwawa miaka ya 1960 na kanisa wakalihamisha jiwe kwa jiwe wakalisimamisha juu kilimani, ukiangalia vizuri utaona namba bado zimeandikwa kwenye mawe. Siku ya pili Palas de Rei, 25, hii ndo ndefu kuliko zote, msiongee sana asubuhi. Siku ya tatu fupi, 15 tu mpaka Melide, na hii ufupi wake una sababu: pweza. Najua, sisi watu wa mtori na kiburu pweza tunamuonea mbali, watu wa Tanga wanatucheka. Wenyewe wanamchemsha kwenye masufuria makubwa, wanamkata kwa mkasi, wanamwagia mafuta ya zeituni, chumvi ya mawe na pilipili nyekundu ya unga, unaletewa kwenye sahani ya mbao na vijiti vya kuchomea. Mimi nilipita pale nimesimama nikala ndizi ya begi. Mpaka leo naumia. Nyie kaeni mchana mzima.

Siku ya nne Arzúa, 14, mji wa jibini. Siku ya tano O Pedrouzo, 19, na kuanzia huko utajikuta unanusa nyumbani, usishangae, ni mikaratusi. Misitu mizima, majani yake yameanguka njiani mvua imenyesha, harufu ileile. Mvua ipo mama, Galicia, jimbo lenyewe la huko mwishoni, ni masika ya mwaka mzima karibu, beba koti la mvua zuri. Na utaona vibanda vyembamba vya mawe na mbao vimesimama juu ya miguu, juu ya kila mguu kuna jiwe bapa, utafikiri vikaburi. Ni ghala za mahindi. Jiwe bapa ni la kumzuia panya. Nilicheka peke yangu pale, manake babu yangu alikuwa anagombana na panya maisha yake yote na dawa ni jiwe bapa tu.

Siku ya sita ndo naomba unisikilize. Kutoka O Pedrouzo mpaka Santiago ni kilomita 20, watu wengi wanazimaliza siku hiyohiyo. Nyie msimalize. Mtazunguka uwanja wa ndege (ndege zinapita juu ya kichwa, na moja itakuwa ya kuwarudisha, msiiangalie), mtapita Lavacolla kuna kijito ambacho zamani mahujaji walikuwa wanaoga hapo mwili mzima kabla ya kuingia mjini, halafu mtapanda Monte do Gozo, maana yake mlima wa furaha, kwasababu hapo ndo mtu anaiona minara ya kanisa kwa mara ya kwanza. Kuna sanamu za mahujaji wawili wamenyoosha mikono kuelekea mjini. Zimebaki kilomita 5. Laleni hapo! Kuna hosteli kubwa ya mahujaji. Jioni mkae pale kwenye zile sanamu muangalie mnakoenda, msiende. Asubuhi mshuke taratibu kama mnaenda misa ya kwanza, mnafika mjini bado hakujajaa, kuna njia ya chini ya tao mara nyingi mtu anapiga zumari la mfuko hapo, ukitoka tu uko uwanjani.

Hapo binti ataniambia mgumu umeniongezea siku. Kweli, moja. Tiketi isogezwe siku moja, namuomba kwa heshima zote. Kuingia na kuondoka jioni ileile ni kama mgeni anayefika Uhuru anauliza gari la kushukia liko wapi, na wapo, nimewabeba.

Kuhusu watu kujaa, binti hajakosea. Ili upewe cheti cha hija, kinaitwa Compostela, lazima uwe umetembea angalau kilomita 100 za mwisho, na Sarria ni kama mji wa mwisho mkubwa kabla ya hiyo alama, kwahiyo watu wengi wanaanzia pale. Utawaona wana viatu vipya, begi dogo limebebwa na gari, wanaimba, wewe una siku 8 mguuni na lengelenge limepasuka. Nilinuna mimi. Kuna siku nilimnunia mtoto wa shule. Dawa niliyokuja kuijua nimeshachelewa ni kuamka baada yao. Wote wanatoka saa kumi na mbili kukimbilia vitanda. Nyie mkiwa na kilomita 15 mnakimbilia nini, kunyweni kahawa mpaka saa mbili, njia inabaki yenu.

Halafu kuna mawe ya kuhesabia. Kila baada ya muda kidogo kuna nguzo ya jiwe, ina alama ya kombe la pwani na mshale wa njano na kilomita zilizobaki mpaka nukta tatu, unasoma 47 nukta sijui ngapi ngapi. Binti anayependa mahesabu atakuwa anakusomea moja moja kwa sauti. Mkataze. Mishale yenyewe ndo ya kuangalia, na ina mwenyewe: paroko wa O Cebreiro, Padre Elías Valiña, miaka ya 1980 alizunguka na rangi ya njano akichora njia iliyokuwa imeshasahaulika karibu yote. O Cebreiro mtapita kabla ya Sarria, ni juu kwenye mita 1,300, kijiji cha nyumba za nyasi, msalimie.

Jambo ambalo kwenye ratiba haliandikwi ni wewe na binti. Mmeachana miaka mingapi, wewe hujaandika, ila nesi wa Ujerumani na mama wa Kibosho mnaonana likizo kwa likizo, tena nyumba imejaa shangazi na majirani. Njiani hakuna shangazi. Miguu ikienda mdomo nao unafunguka, hilo nimeliona mlimani kwa watu wasioongea kabisa, siku ya nne tano mtu anaanza kukwambia habari za baba yake we hata hujamuuliza. Hayo maneno ya baba yao ambayo hamjayaongea yatakuja yenyewe mahali fulani kati ya Palas de Rei na Arzúa, na yakija kwenye siku ya kilomita 38 binti atakwambia mama tutaongea tukifika. Hamtaongea mkifika. Mtakuwa mnatafuta chaji ya simu.

Na siku moja, mi ningechagua ya kwenda Arzúa kwasababu ni fupi, mtembee mmoja mbele mmoja nyuma, hata nusu saa ya nafasi kati yenu. Usiogope kupotea.

Mtakuwa na huzuni pia, nakutahadharisha. Siku ya mwisho ya Kilimanjaro, kutoka kambi ya Mweka kushuka getini, wageni wanakuwa wakali bila sababu. Chai ina majani mengi, soksi iko wapi, wewe umechelewa. Zamani nilikuwa nakasirika, baadaye nikaja kugundua hawataki tu kushuka. Binti akikufokea O Pedrouzo kwa kitu cha kijinga muache, mkatie jibini.

Sasa jiwe la mzee. Hija hii ina mahali pake pa mawe kabisa, panaitwa Cruz de Ferro, msalaba wa chuma juu ya mti mrefu wa mbao, pako karibu mita 1,500, siku mbili hivi baada ya Astorga, ndo maana nikasema hampotezi. Watu miaka na miaka wanaleta jiwe kutoka kwao wanaliacha chini ya ule msalaba, kimekuwa kilima kizima. Wengine wamewaandikia wafu wao majina. Jiwe la kihambani lioshe vizuri udongo wote utoke, manake udongo wa huku kwetu kule Ulaya haupokelewi, ukikutwa nao uwanja wa ndege ni matatizo.

Isale mama, hapana. Inaniuma kukwambia. Jani bichi au mmea wowote kuingia nchi za Umoja wa Ulaya unatakiwa uwe na cheti cha afya ya mimea, na kwa jani moja nani atakuandikia. Ajabu ni kwamba ndizi zinaruhusiwa! Ndizi, nanasi, nazi, durian na tende, matunda hayo matano tu hayaulizwi cheti. Kwahiyo mndizi wa mzee unaweza kukutolea kitu mpaka Hispania lakini isale lake libaki limesimama pale kaburini linapofanya kazi yake.

Kama nafsi inakwambia usiliache jiwe pale Cruz de Ferro bali uende nalo mpaka Santiago, nenda nalo. Sheria hakuna. Ila ningekuwa mimi ningelitua mapema, ili zile siku 6 za mwisho utembee mikono mitupu. Chukua mawe mawili basi, mwalimu hashindwi na hesabu hiyo.

Madogomadogo: kuanzia Sarria kile kijitabu chenu cha hija kigongwe mihuri miwili kila siku, mnagongewa makanisani, hosteli, hata kwenye mikahawa. Cheti ni bure na jina wanaandika kwa Kilatini, kwaya watanyamaza. Begi haliingii kanisani, liache kwanza. Misa ya mahujaji ipo saa sita mchana. Kile chetezo kikubwa, Botafumeiro, zaidi ya kilo 50 kikiwa kitupu, wanaume 8 wanakivuta kwa kamba kinapaa mpaka karibu na dari, kinarushwa siku maalum sio kila siku, kwahiyo usiende na ahadi moyoni, kikiruka ni zawadi.

Zilizobaki nazijibu mbiombio.

*"Mgumu, mimi ni Mlutheri wa Machame, huko Santiago wataniruhusu?"* Njia haiulizi dhehebu ndugu yangu. Ukifika ofisi ya mahujaji wanakuuliza sababu ya kutembea, ukisema ni ya imani au ya kiroho unapewa Compostela, ukisema ni mazoezi tu au utalii unapewa cheti kingine cha kukukaribisha. Ila kama unapenda utulivu ukwepe 2027. Sikukuu ya Yakobo ni tarehe 25 Julai, na mwaka ambao inaangukia Jumapili unakuwa mwaka mtakatifu wa huko, 2027 ndo wenyewe, watajaa sio mchezo.

*"Habari za Finisterre ni kweli? Kuna jamaa kaniambia hija haiishi Santiago."* Ni kweli unaweza kuendelea, kama kilomita 90 mpaka baharini, siku 3 au 4, kuna nguzo imeandikwa 0,00 karibu na mnara wa taa, na Warumi walipaita mwisho wa dunia. Pazuri. Lakini ukiwa uliikimbiza Santiago usidhani bahari itakurudishia, mimi nilienda kwa basi nikasimama pale kwenye upepo nikiwaza tu yule mzee Mkorea na kidole changu gumba.

*"Niko Sakina, Arusha, naendesha baiskeli. Nayo inahesabika?"* Inahesabika, ila kwako ni kilomita 200 za mwisho sio 100. Na breki ziangaliwe kabla hujaondoka, kile kishuko baada ya Cruz de Ferro kina mawe, hakitaki utani.